Karatasi ya Karanga

Niliuza vidonge vinne vinne.
Boksi zima nani anunue Nyamugo,
mwezi ukiwa na siku nyingi kuliko franka?
Nilikata kwa mkasi, nikatia kwenye bahasha,
nikaandika kwa kalamu ya bluu:
kimoja, kichwa kikianza.
Ile karatasi iliyokunjwa mara nane ndani ya boksi,
Kifaransa chembamba kama miguu ya sisimizi,
nilimpa mama Cishugi pale mlangoni.
Aliisokota, akaijaza karanga.

Ntakwinja alikuwa mteja wangu wa kipandauso.
Alijua kinakuja kabla hakijafika:
uzi mweupe humetameta pembeni mwa jicho la kulia,
ukazunguka, ukawa pindo la kikwembe kisichokuwepo.
Hapo husimamisha mashini,
humtuma mtoto: kimbia kwa Ciza, akupe cha mama.
Asubuhi yuko tena kwenye pedali,
kola za wanakwaya, suruali za shule,
akinitania kutoka ng'ambo ya mtaro:
Wewe na huyo anayenigonga nyusi, nani mkubwa?

Mwezi wa nne mvua ilikaa juu ya Kadutu
kama mgeni asiyejua kuaga.
Akaja na koo, sauti imekwaruzika.
Nikampa ya koo, ya siku saba.
Sikuuliza.
Usiku hilo ndilo linalonigeuza ubavu:
sikuuliza kama cha kichwa bado anameza.

Alikuwa anameza.

Siku ya tatu, ganzi. Akalaumu maji ya bomba.
Siku ya nne vidole vikawa vyeupe kama mshumaa,
kisha vikaelekea biringanya.
Sindano ya mashini ikapita kwenye kidole cha shahada
na damu haikuja.
Alikaa akikitazama kidole, akiingojea.
Haikuja.

Daktari Birindwa, kijana, miwani imefungwa kwa plasta,
alimshika kifundo cha mkono
akatafuta mapigo kama mtu apapasaye funguo gizani.
Akahamia mkono wa pili. Akamvua kiatu.
Kisha akauliza lile langu:
Mama, unameza nini? Vyote. Hata vya juzi.
Ntakwinja akatoa bahasha mbili.
Mwandiko wangu.

"Ni nadra," aliniambia koridoni, "nadra sana.
Hii inabana mishipa. Ile inalifunga ini mikono
lisiweze kuisafisha. Ikajaa."
Akaongeza kwamba asili yake ni kuvu,
ukungu wa nafaka za nchi za baridi.
Nikawaza: basi ilikuja na baridi yake.
Nadra. Neno jepesi,
mpaka lilale kitanda cha sita, mikono juu ya mto.

Siku tisa za dripu.
Vidole vilirudi kimoja kimoja, kwa maumivu ya moto,
akilia na kushukuru kwa pumzi hiyohiyo.
Kidogo cha kushoto kilirudi nusu.
Ncha ilikauka, nyeusi, ngumu kama mbegu,
ikakatwa Alhamisi.

Nilinunua karanga zote za mama Cishugi.
Alidhani nina sherehe.
Nikasokotoa sakafuni, karatasi baada ya karatasi:
hesabu za mtoto wa shule, kalenda ya parokia, dawa ya minyoo.
Ya kumi na saba ndiyo yenyewe.
Mafuta yameifanya ionyeshe mwanga,
na mstari ule, uleule, ulisomeka pande zote mbili.

Ntakwinja alipokuja aliweka mkono juu ya kaunta
kama anayeweka kitambaa kipimwe.
"Soma," akasema. "Kwa Kiswahili."
Nikasoma nikijikwaa: usichanganye na.
Ukihisi baridi vidoleni, acha.
Hakunikatiza. Nilipofika mwisho akauliza:
"Na kichwa, je? Chenyewe kimeambiwa?"

Sikuwa na jibu.
Akaokota karanga moja iliyosalia kwenye mkunjo,
akaitafuna polepole,
kiganja akikiinua kulifunika jicho la kulia.